Troponini ya baba ilikuwa 96, sasa ni 0.11. Amepona?

Ticha wa Ihumwa:

Mbukwenyi wana jukwaa. Naomba mnisaidie kusoma karatasi mbili za maabara kabla familia yetu haijagawanyika.

Baba ana miaka 68, mkulima wa zabibu Hombolo. Presha anayo tangu 2014. Dawa anameza akikumbuka, na siku akiamka vizuri anasema "leo sina presha". Magoti yanamsumbua, kwa hiyo kila gulio lazima apitie duka la dawa kuchukua diklofenaki, anazitia mfuko wa koti pamoja na ugoro wake. Msimu huu wa kuvuna akawa anaamka usiku wa manane anahema kama kapanda mlima, mwisho akahama kitanda, analala ameegemea gunia la alizeti. Mama akasema ni vumbi. Miguu ikavimba, ndala zikimwachia mtaro juu ya unyayo. Jumamosi akatamka mwenyewe kwamba kifua kinabana. Hakusema kinauma. Alisema "kama nimefungwa mkanda wa trekta".

Tukamkimbiza hospitali moja ya binafsi mjini. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakasema haioneshi shambulio, ila moyo upande wa kushoto umenenepa. Damu ikatoka troponini, kipimo cha kuumia kwa moyo, 96, pembeni herufi H yaani iko juu, kawaida iwe chini ya 19. Daktari akatuandikia rufaa usiku uleule kwenda hospitali kubwa. Huko wakatoa damu upya, asubuhi karatasi inasema 0.11.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Nilituma picha kwenye grupu la familia, kaka yangu mkubwa aliyeko Dar akajibu kwa herufi kubwa: IMESHUKA KUTOKA 96 HADI 0.11, MUNGU NI MWEMA. Shangazi wa Mpwapwa akamwaga mikono ya kushukuru kama ishirini. Mama kaanza kuulizia jogoo. Baba naye anadai aruhusiwe, maana kuna zabibu zimeiva shambani na hazina mnunuzi, na zabibu haijui mtu amelazwa. Upande wa pili yuko mdogo wangu, kasoma huko mtandaoni kwamba troponini ikipanda ni shambulio la moyo tu, hakuna lingine, anataka baba apakiwe treni ya SGR leo hii apelekwe JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar.

Mimi nimebaki katikati. Kinachonikera ni kwamba ile 0.11 nayo ina H pembeni. Kama imeporomoka hivyo, H ya nini tena? Nilimuuliza muuguzi akaniambia "sababu zipo nyingi, mwalimu", kisha akaitwa kitanda kingine. Sababu zipi hizo?

Karatasi ya pili ina na mengine: kreatinini, kipimo cha figo, 298 (H), hemoglobini, yaani wingi wa damu, 8.6 (L, iko chini), potasiamu, chumvi ya kwenye damu, 5.4 (H). Hayo hakuna aliyeyagusa, ukoo mzima tumeganda kwenye troponini.

Mbeba Gunia:

Pole ticha. Mwaka juzi hapa Kibaigwa nilipakia fuso mbili za mahindi peke yangu kwa sababu ya tamaa, kesho yake mkojo kama Coca-Cola. Wakapima CK, kipimo cha misuli kuumia, elfu tatu na ushee, na ile CK-MB inayohusishwa na moyo nayo juu. Mtu mmoja pale akasema moyo, mke wangu akaanza kulia palepale kwenye benchi. Baadaye daktari akaagiza troponini, ikatoka safi. Ilikuwa misuli ya mgongo na mapaja imevunjika kwa mzigo. Nililazwa siku nne, drip za maji tu. Kwa hiyo namba ya moyo siyo lazima iwe ya moyo. Ya mzee sijui, mimi nasimulia yangu.

Majani Tiba:

Mzee ana mafuta kwenye mishipa. Kuna unga wa majani 7, siku 21 mishipa inazibuka, troponini inashuka hadi sifuri. Njoo inbox.

Sista wa Zamu:

@Majani Tiba, mtu mwenye kreatinini 298 unataka kumpa unga ambao hata wewe hujui una nini ndani? Figo zake ndizo zitakazolipa. Mwalimu, usiende inbox.

Mpimaji:

Mwalimu, pole na mzee. Mimi ni wa maabara, mwaka wa 13 huu, Dodoma hii hii. Kabla ya yote fanya jambo moja: chukua zile karatasi, achana na namba, soma vile viherufi vidogo vinavyofuata baada ya namba. Naweka dau la soda: ya kwanza imeandikwa ng/L, nanogramu kwa lita, ya pili ng/mL, nanogramu kwa mililita.

Kama ni hivyo, 0.11 kwa mililita ni 110 kwa lita. Haijashuka hata hatua moja. Kaka amemshukuru Mungu kwa nukta ya desimali. Simcheki, nimeona hata daktari wa zamu, saa kumi alfajiri, akishika karatasi mbili za namna hiyo na kutabasamu.

Ila msigeuke mkasema basi imepanda kutoka 96 hadi 110. Mashine ni mbili na hospitali ni mbili. Kila mtengenezaji ana kingamwili zake za kuinasa troponini, kuna zinazonasa troponini aina ya I na kuna zinazonasa aina ya T, ndiyo maana hata kikomo cha kawaida kila karatasi ina chake. Ni kama kupima gunia kwa mizani ya mnunuzi, halafu ukalipime kwa mizani ya nyumbani, kisha ugombane kilo mbili zimeibwa na nani njiani. Namba ya mashine hii hailinganishwi na ya mashine ile. Kinachotakiwa ni mashine moja, damu mara mbili au tatu, kwa kupishana saa chache, tuone inaelekea wapi. Moyo ukipata shambulio, troponini huanza kuonekana ndani ya saa chache, inapanda, inafika juu kabisa kama baada ya siku moja, halafu inashuka polepole kwa wiki au zaidi. Inachora kilima. Sasa ukipima ukapata 0.11, ukarudia 0.11, ukarudia 0.12, hiyo ni tambarare. Tambarare ina maelezo mengine. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari siyo "ni ngapi?", muulize "mmerudia saa ngapi, na ilitoka ngapi?"

Nije kwa mdogo wako. Troponini ni protini inayokaa ndani ya misuli ya moyo, inausaidia kukaza na kulegea. Ikimwagika kwenye damu kuliko kawaida, maana yake kuna seli za moyo zimeumia. Kilichoziumiza mashine yangu haikioni. Mshipa wa moyo ulioziba ni mtuhumiwa wa kwanza, na ni haki achunguzwe wa kwanza maana anaua haraka. Lakini nimeshatoa majibu ya juu kwa mtu mwenye presha iliyofumuka, mtu ambaye mapigo yamekwenda mbio usiku kucha, moyo unaoshindwa kusukuma, bonge la damu lililonasa kwenye mapafu, maambukizi yaliyoenea kwenye damu, kiharusi, kijana aliyetoka kwenye mafua na virusi vikamshukia moyoni, dereva wa boda aliyegonga kifua kwenye usukani wake, mgonjwa anayetumia baadhi ya dawa za saratani. Hata mtu mzima wa afya akimaliza mbio za kilomita 42, mpime jioni ile, unaweza kuikuta juu, na baada ya siku mbili tatu imerudi chini.

Halafu figo. Kwa kweli niliposoma kreatinini 298 nilivaa miwani. Mtu mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu, troponini yake mara nyingi hukaa juu wakati wote, leo, mwezi ujao, mwakani, hana shambulio lolote. Watu husema ni kwa sababu figo hazichuji. Hiyo ni sehemu tu ya maelezo, maana moyo wenyewe unakuwa kwenye mateso: presha, maji yaliyozidi mwilini, ukuta ulionenepa unaotaka hewa nyingi kuliko mishipa inavyoweza kuleta. Tazama na hemoglobini 8.6. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze damu. Figo zikichoka, damu inapungua, na damu ikipungua moyo unakosa hewa palepale ulipoihitaji. Presha tangu 2014, ECG inasema kushoto kumenenepa, miguu imevimba, analala ameegemea gunia. Mimi si daktari wa mzee na sijamwona, ila hizo namba naziona zina sura za ukoo mmoja. Na hiyo diklofenaki ya kwenye koti, mtajie daktari leo, si kesho. Inaumiza figo, inapandisha presha, inashikilia maji mwilini.

Nisijifanye mtakatifu, na sisi maabara tuna yetu. Damu ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, au ikasafirishwa kwa boda kwenye barabara ya vumbi hadi huku, seli zinapasuka. Nikiizungusha, maji ya juu yanayotakiwa kuwa ya njano kama mafuta ya alizeti yanakuja mekundu kama juisi ya ubuyu. Potasiamu hapo inapanda ya uongo, na troponini kwenye baadhi ya mashine inayumba. Naikataa, naandika irudiwe, wodini wananiita mvivu. Au damu haijaganda sawasawa, zinabaki nyuzi nyembamba huwezi kuziona bila kuinamisha chupa kwenye mwanga. Nyuzi moja ikiingia kwenye mashine, unapata namba ya kutisha. Niliwahi kupata msichana wa miaka 24 wa hivyo, kaja kwa kiungulia. Nikazungusha upya, nikapima upya, hakuna kitu. Wapo pia watu wachache ambao damu yao ina kingamwili zinazoihadaa mashine, wanaoshinda na mifugo hutajwa katika kundi hilo. Kwao namba inakaa juu bila moyo kuwa na kosa, na dawa yake ni kupima kwa mashine ya mtengenezaji mwingine. Kuna na kinyume chake: vidonge vya biotini, vile vya kukuza nywele na kucha, kwenye baadhi ya mashine vinaishusha kwa uongo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Najua mzee hakuzi kucha, ila kuna dada humu anasoma na anavitumia.

Mama wa Pacha:

Mimi namba zilipanda nikiwa na miaka 29, wiki ya tatu baada ya kujifungua pale Kondoa. Kuhema, miguu imevimba, nikiambiwa ni uzazi, kunywa uji. Wifi akasema chango. Kipimo kilichopanda sana kwangu kilikuwa kile cha homoni ya moyo uliovutika, NT-proBNP, troponini ilipanda kidogo tu. Ilikuwa moyo umepanuka kwa sababu ya uzazi. Nimetumia dawa, sasa napanda ngazi vizuri, ila nimekatazwa kubeba mimba bila kuwaona wao kwanza. Ticha, ulizia na hicho kipimo. Niliambiwa figo mbovu na umri navyo vinakipandisha, kwa hiyo usishtuke na ukubwa wa namba peke yake.

Sista wa Zamu:

Naongezea mawili, nimetoka zamu sasa hivi.

La kwanza, mzee asitoke kwa sababu ya zabibu. Mtu aliyebanwa kifua na ana troponini yenye H anahesabiwa ni mgonjwa wa dharura mpaka madaktari waseme vinginevyo, hata kama Mpimaji yuko sahihi kuhusu figo. Figo mbovu hazimkingi mtu na shambulio, tena zinamweka karibu nalo. Wazee, wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawapati yale maumivu ya kushika mkono wa kushoto. Wanakuja na jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi fupi, uchovu usioeleweka. Kwa hiyo akibanwa tena, akitoka jasho la baridi au akizimia, usisubiri raundi ya asubuhi, ita mtu hapo hapo.

La pili, habari ya SGR. Mgonjwa asiyeweza kulala chali hapakiwi kwenye treni kwa uamuzi wa grupu la WhatsApp. Muulizeni daktari kama anahitaji kwenda Dar kweli. Hapa hapa Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, kuna madaktari bingwa wa moyo na wa figo, na baba yenu kwa nilivyosoma anawahitaji wote wawili. Na mletee daktari dawa zake zote kwenye mfuko wa plastiki, zote, na zile za kwenye koti. Ukimuuliza mzee kwa mdomo atakwambia anameza moja tu.

Ticha wa Ihumwa:

Nimerudi baada ya siku nne. Samahanini, chaji na usingizi vyote viliisha.

Mpimaji, soda nadaiwa. Karatasi ya kwanza ng/L, ya pili ng/mL, imeandikwa kwa maandishi madogo kama mguu wa sisimizi, lakini imeandikwa. Na sasa mjue aibu yangu: nafundisha hesabu darasa la sita. Mwezi uliopita nilimsimamisha mtoto ubaoni dakika kumi kwa sababu aligeuza mililita kuwa lita akasahau kugawa kwa 1,000. Nimemkumbuka nikiwa nimesimama koridoni, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Nilipoweka hesabu kwenye grupu, kaka alifuta ujumbe wake kimya kimya. Shangazi hajafuta mikono.

Walirudia damu kwa mashine yao ileile: 0.11, baada ya saa sita 0.11, kesho yake 0.10. Tambarare, kama ulivyosema. ECG wakarudia mara tatu, haikubadilika. Eko, ile ultrasaundi ya moyo, imeonesha ukuta wa moyo umenenepa na kusukuma kumepungua. Ultrasaundi ya tumbo ikaonesha figo zote mbili zimesinyaa, daktari akasema hilo halijatokea mwezi huu, ni la miaka. Alinieleza akiwa amekaa pembeni ya kitanda, taratibu, baba anasikiliza: presha imezichosha figo na moyo kwa pamoja, vidonge vya magoti vimeongezea, damu imepungua, na moyo umekuwa unavuja hiyo troponini kidogo kidogo pengine kwa muda mrefu. Habari ya mishipa kuziba hajaifunga. Amesema wataiangalia akitulia, maana hata ile dawa inayowekwa kwenye mishipa ili ionekane kwenye picha inaweza kuzielemea figo. Mdogo wangu hilo la mwisho limemridhisha kidogo.

Amewekewa dawa ya kukojoza, siku mbili kapungua kilo tano, ndala hazimwachii tena mtaro. Juzi amelala na mto mmoja. Mama alikaa macho anamwangalia, hakuamini.

Koti tulilipekua kama alivyosema Sista. Vidonge 23 vya diklofenaki, vingine vimeshikana na ugoro mpaka havina rangi. Vidonge alivitoa bila neno. Ugoro aligombania.

Zabibu jirani kavuna kwa bei ya jirani, yaani bei mbaya.

Swali moja limebaki, Mpimaji. Kaka sasa anataka tumpime baba troponini kila mwezi "tuifuatilie ishuke". Nimwambie nini?

Mpimaji:

Mwambie hela hiyo anunulie mashine ya presha ya nyumbani. Troponini ya mzee inaweza isishuke kabisa, na kila mwezi mtalia upya bure. Kreatinini, potasiamu na hemoglobini ndizo kliniki watazifuatilia. Ila hizo karatasi tatu za 0.11, 0.11 na 0.10 usizitupe. Zipige picha, zitunze na cheti chake cha kliniki, pamoja na vizio, mwalimu! Hicho ndicho kiwango chake akiwa hana shambulio. Siku akirudi kifua kimembana na mashine ikasema 0.11, daktari atajua anaanzia wapi. Ikisema 0.9, atajua hivyo hivyo.

Soda nimekatazwa, nina sukari. Msimu ujao niwekee kilo moja ya zabibu, nitakula kwa kuhesabu.